Amana Iliyo Hai

Uhifadhi wa mimea kwa ukuaji wa polepole ni njia ya kuiweka mimea hai ndani ya neli za kioo maabarani, juu ya jeli yenye madini, sukari na vitamini, katika mazingira yanayoizuia kukua kwa kasi yake ya kawaida. Mtaalamu hukata ncha ya chipukizi, pale penye seli changa zinazoendelea kugawanyika, huisafisha kwa dawa ya kuua vimelea, kisha huipanda ndani ya neli na kuifunga. Ncha hiyo ikipewa joto na mwanga wa kutosha hujaza neli kwa majuma machache, humaliza chakula na kuanza kunyauka. Ili hilo lisitokee, watunzaji hupunguza joto na mwanga, hupunguza madini kwenye jeli, au huongeza sukari kama manitoli na sobitoli, ambazo huufanya mmea ufyonze maji kwa shida. Mmea haufi. Hudumaa ukiwa mbichi na wa kijani, ukisogea kidogo kidogo, na huweza kukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kukatwa upya na kuhamishiwa jeli nyingine.

Kazi hii huonekana kuwa ya ufundi mtupu. Hata hivyo imebeba swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini walilijadili karne nyingi kabla ya maabara ya kwanza kujengwa: kinachohifadhiwa katika kiumbe hai ni kitu gani, na aliyekabidhiwa kukihifadhi anawajibika kwa nani?

Swali hilo halizuki kwa uzito uleule katika mazao yote. Mbegu za mahindi, mtama, mpunga na maharage hukubali kukaushwa sana na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, zikaishi miongo mingi. Mwaka 1973 mtaalamu wa mbegu E. H. Roberts alizitenga mbegu za namna hiyo na zile zinazokufa zikikaushwa. Katika kundi hili la pili wamo mkarafuu, mwembe, mfenesi na mkakao. Mbegu zao zikinyimwa unyevu hazioti tena. Lipo na kundi jingine, nalo ndilo linalolisha mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki. Ndizi nyingi za kuliwa hazina mbegu. Muhogo na viazi vitamu hutoa mbegu, lakini mche utokao kwenye mbegu haufanani kabisa na mama yake. Anayetaka muhogo uleule hupanda pingili ya shina, na anayetaka kiazi kilekile hupanda marando. Hifadhi ya mbegu ya Svalbard, iliyofunguliwa nchini Norwe mwaka 2008 na kusifiwa dunia nzima, haina la kuufanyia mgomba.

Njia ya zamani ni kuipanda mimea hiyo katika shamba la hifadhi na kuihudumia mwaka hadi mwaka. Shamba lina faida ambayo neli haitaipata kamwe: mmea unaonekana ukizaa, na tunda lake linaonjwa. Lakini liko wazi kwa ukame, moto na maradhi. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 ulifika Kagera miaka michache baadaye, na shina lililoambukizwa haliponi. Batobato na michirizi kahawia, maradhi ya muhogo, husafiri kwa inzi weupe na kwa pingili zenyewe, hata mkusanyiko mzima wa mihogo ukaharibika kimyakimya huku watunzaji wakiupanda upya kila msimu kwa nia njema.

Wazo lililozaa neli lilitolewa mwaka 1902 na Gottlieb Haberlandt wa Austria, aliyeamini kwamba seli moja ya mmea inao uwezo wa kujenga mmea mzima. Majaribio yake mwenyewe hayakufaulu. Mwaka 1952, huko Ufaransa, Georges Morel na Claude Martin walipata maua ya dalia yasiyo na virusi kwa kukuza ncha ndogo sana za chipukizi, na mwaka 1962 Toshio Murashige na Folke Skoog walichapisha mchanganyiko wa madini ambao maabara nyingi duniani zinautumia hadi leo. Kituo cha kimataifa cha ndizi katika Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, kilichoanzishwa mwaka 1985, kina zaidi ya aina 1,500 za migomba ndani ya neli, kwenye joto la nyuzi 16 hivi na mwanga hafifu, na kila aina huhitaji kuhamishiwa jeli mpya takriban mara moja kwa mwaka. Viazi mviringo vinavyotunzwa Lima, Peru, huwekwa kwenye nyuzi 6 hadi 8, maana ni zao la milima yenye baridi. Muhogo hauvumilii baridi hiyo. Katika kituo cha Kolombia chenye takriban aina 6,000 za muhogo, joto huzidi nyuzi 20, na kinachouzuia kukua ni uhaba wa chakula na wa nafasi zaidi kuliko baridi.

Je, mmea uliozuiwa kukua bado unaishi maisha ya mmea? Aristotle, katika kitabu chake kuhusu nafsi, aliipa mimea nafsi ya daraja la chini kabisa, yenye kazi ya kujilisha, kukua na kuzaa mfano wake. Ibn Sina, zaidi ya miaka 1,300 baadaye, aliifuata njia hiyo na kuzihesabu kazi hizo kuwa nguvu tatu za nafsi ya mimea. Kwa kipimo chao, ukuaji wa polepole unafanya jambo geni. Unaubana mmea mahali palepale ambapo uhai wake hutambulikana: unauachia kula kidogo, unaunyima kukua na kuchanua, na kuzaa kwake kunangoja siku ya kisu. Mtu angeweza kudai kwamba kilichobaki ndani ya neli ni mmea nusu.

Jibu la dai hilo limo katika kitabu kilekile. Aristotle alitofautisha kati ya kuwa na uwezo na kuutumia, na akaeleza kwamba nafsi ni ya namna ya kwanza: mwenye elimu haipotezi elimu yake anapolala usingizi. Mgomba wa Leuven unazo nguvu zake zote, na ushahidi ni kwamba ukitolewa na kupandwa kwenye udongo wenye joto huendelea kama mgomba mwingine wowote. Ugumu unaanzia kwenye njia ya pili ya uhifadhi, ile ya kugandisha ncha za chipukizi katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko hata kujilisha hukoma. Hakuna dalili ya uhai inayoweza kupimwa mpaka ncha ipashwe joto, na baadhi ya ncha hazirudi tena. Mtu akiuliza kama ncha iliyoganda iko hai leo, jibu la kweli hupatikana baadaye, inapochipua au inaposhindwa. Mmea wa neli hauna utata wa namna hiyo. Uko hai bila shaka yoyote, na kwa kuwa uko hai, una mahitaji. Hapo ndipo wajibu wa mtunzaji wake unapoanzia.

Wapo waumini wanaoiona maabara ya namna hii kama inaingilia kazi ya Muumba. Hofu hiyo inastahili kusikilizwa, ingawa hapa uzito wake ni mdogo kuliko katika uhandisi wa jeni. Sura ya Al-Waqia katika Qurani inawauliza wanadamu kama ni wao wanaoiotesha mimea wanayoipanda, au ni Mungu. Swali hilo linamhusu mwenye jembe sawasawa na mwenye koleo la maabara. Wote wawili huandaa mahali, kisha husubiri jambo wasiloweza kulilazimisha. Mkulima wa Bukoba anayeng'oa chipukizi pembeni mwa shina la mama na kulihamishia shimo jipya amefanya, kwa macho ya elimu ya viumbe, jambo lilelile linalofanywa kwa kisu chembamba chini ya kioo. Tofauti imo katika kinachotakiwa baada ya kupanda: mkulima anauomba mmea ukue, mtunzaji anauomba ungoje.

Swali la utambulisho ni gumu zaidi. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, zile zinazojaza vibanja vya Kagera, Uganda, Rwanda na Burundi, zimetokana na mmea mmoja uliogawanywa kwa machipukizi kizazi baada ya kizazi. Enshakara na Enyoya za Wahaya, Nakitembe, Mbwazirume na Kibuzi za Baganda, zote ni vipande vya mwili mmoja, vilivyoachana kwa mabadiliko madogo madogo yaliyozuka njiani na kuchaguliwa kwa macho na ndimi za wakulima. Kwa maana hiyo kuna mgomba ulioishi karne nyingi na kutapakaa nchi nne bila kufa hata siku moja. Ni mmoja, au ni maelfu?

Aristotle aliliona jambo hili. Alisema mimea ikikatwa vipande huendelea kuishi, kwa hiyo nafsi ya mmea ni moja kwa hali ilivyo na nyingi kwa uwezo ilio nao. John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alisema mwaloni hubaki uleule kwa sababu uhai wake haujakatika, hata kama kila chembe ya mwili wake imebadilishwa na nyingine. Kipimo cha Locke kinaipa neli haki kamili: uhai uliotoka Kagera ndio uliopo Ubelgiji. Lakini Locke alikuwa na mwaloni mmoja uliosimama mahali pamoja. Hakulazimika kusema lolote kuhusu uhai mmoja unaoendelea katika mashamba laki moja, ukiwa Enshakara hapa na Nakitembe kule. Mwendelezo wa uhai pekee hauwezi kuzitenganisha ndizi hizo, kwa kuwa zote zinashiriki mwendelezo uleule.

Anayezitenganisha ni mkulima, na vipimo vyake viko nje ya chupa: umbo la mkungu, rangi ya shina, ugumu wa ndizi ikiwa jikoni, kama inafaa kupikwa, kukamuliwa pombe au kuchomwa. Ndani ya neli mambo haya yote hayaonekani. Mgomba wa kupika na mgomba wa pombe ni majani machache membamba ya kijani, sawa kwa sawa. Isitoshe, mimea inayokatwa na kuhamishwa mara nyingi maabarani huweza kubadilika bila kuonyesha dalili. Katika migomba ya Cavendish badiliko linalojitokeza mara nyingi zaidi ni ufupi usio wa kawaida. Ndiyo maana watunzaji wa Leuven huitoa mimea yao mara kwa mara ipandwe shambani na kulinganishwa na maelezo ya asili. Utambulisho wa aina ya ndizi unakaa kwenye uhai usiokatika pamoja na watu wanaoweza kusema, mbele ya mkungu, kwamba hii ndiyo yenyewe. Ukiondoka upande mmoja, upande wa pili hubaki na ushahidi nusu.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliueleza wakati kwa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Marehemu, kwa maelezo yake, hubaki ndani ya sasa muda wote ambao yupo mtu anayemkumbuka kwa jina; wa mwisho mwenye kumkumbuka akiondoka, marehemu huzama katika zamani. Mkusanyiko wa neli unaweza kuugeuza mpangilio huo juu chini. Mmea uko hai na una namba yake ya usajili, lakini aliyeutoa hayupo, jina lake la nyumbani liliandikwa vibaya au halikuandikwa, na hakuna anayejua ulipikwa vipi. Uhai umebaki na ukumbusho umekufa. Hasara hiyo haipimwi na mashine yoyote ya vinasaba, na inatokea kila mahali ambapo wakusanyaji walibeba machipukizi bila kuuliza maswali.

Mwaka 1994 vituo 12 vya kimataifa vya utafiti wa kilimo vilitia saini mikataba na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, vikikiri kwamba mikusanyiko yao ya mimea vinaishika kwa amana, kwa faida ya jumuiya ya kimataifa. Amana ina fikihi yake iliyokomaa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kitabu cha Minhaji cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, kina mlango mzima kuhusu wadia, yaani mali aliyoachiwa mtu aitunze. Mlango huo uliandikwa kwa ajili ya fedha, nguo na wanyama. Ukisomwa mlangoni pa chumba cha neli, kwa njia ya kiyasi, yaani kulinganisha, unasema mengi kuliko maandiko mengi ya kisasa kuhusu maadili ya sayansi.

Unaanzia kwenye kupokea. Asiyeweza kuitunza amana, ni haramu kwake kuikubali. Anayeweza lakini hana hakika na uaminifu wake, ni makuruhu. Anayejiamini, amependekezewa aipokee. Chumba cha nyuzi 16 katika nchi ya joto kinaishi kwa kiyoyozi na taa zinazofanya kazi mwaka mzima. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, joto hupanda, mimea huamka, na fangasi nao huamka. Kujenga chumba cha namna hiyo kwa sababu mfadhili ameleta vifaa, bila kujua nani atalipa umeme na mishahara mfadhili akishaondoka, kunaingia katika hukumu ile ya kwanza. Maneno haya ni mazito, lakini mmea uliokufa ndani ya neli baada ya shamba lake la asili kuangamia haurudi.

Kisha kuna hukumu ya mnyama. Aliyeachiwa mnyama akaacha kumlisha hulipa, hata kama hakumpiga wala kumjeruhi. Kuacha peke yake ni kosa. Na aliyeachiwa nguo za sufi anawajibika kuzitandaza zipigwe na upepo, wadudu wasije wakazitafuna. Kanuni hizi mbili zinabeba mzigo wote wa kazi ya mtunza neli. Jeli mpya ni malisho. Kupanda shambani ili mmea ukaguliwe ni kule kutandaza, kwani bila kutolewa nje mabadiliko yasiyoonekana hula utambulisho wake pole pole. Faqihi aliyeandika kuhusu sufi hakujua lolote kuhusu seli, ila alijua kwamba vipo vitu vinavyoharibika kwa kufungiwa vizuri.

Hukumu nyingine inahusu kuchanganya. Mtunzaji akichanganya amana na mali nyingine hata zisitofautike, dhima inamwangukia. Katika mkusanyiko wa maelfu ya neli zinazofanana, lebo moja iliyobandikwa pasipo pake inatosha kuzipoteza aina mbili kwa mpigo, huku zote mbili zikiendelea kustawi. Vituo vikubwa sasa hutumia lebo zinazosomwa kwa mashine na vipimo vya vinasaba, na matumizi hayo ya fedha, ambayo wahasibu huyaona kama anasa, ni sehemu ya uaminifu wenyewe.

Lipo hata hivyo jambo ambalo wadia hauliruhusu, nalo ni mtunzaji kuitumia amana. Hapa Injili ya Mathayo inavuta upande mwingine. Katika mfano wa talanta, mtumwa aliyeifukia talanta yake ardhini na kuirudisha kamili hakusifiwa. Bwana wake alimlaumu kwa kutoizalisha. Je, mkusanyiko wa mimea uwe kitu cha kufungiwa au cha kuzalishwa? Mvutano huu unalegea ukitazama asili ya kitu chenyewe. Fedha ikitumika imetoka mkononi. Mmea ukigawanywa, kipande kinachoondoka hakiupunguzi unaobaki. Neli moja hutoa nyingine tano na yenyewe ikabaki. Sababu ya kukataza matumizi, ambayo ni hofu ya hasara, haipo kwa nakala. Kwa hiyo mmea wa asili unaingia chini ya hukumu ya wadia, na nakala zake chini ya lawama ya talanta: mtunzaji asiuguse wa kwanza ovyo, na asizinyime nakala kwa wanaozihitaji.

Wanaozihitaji ni akina nani, na mwenye amana ni nani? Mkataba wa bioanuai wa mwaka 1992 uliipa kila nchi mamlaka juu ya viumbe vyake. Mkataba wa kimataifa wa nasaba za mimea ya chakula na kilimo, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, uliweka orodha ya mazao yanayogawanwa kwa masharti ya pamoja, ikiwemo migomba, muhogo, viazi vikuu na viazi vitamu, ingawa kahawa haimo. Mkataba huo unazitambua haki za wakulima lakini umeacha utekelezaji wake kwa kila serikali. Muumini ataongeza kwamba mwenye mali wa kweli ni Mungu, na kwamba taifa, taasisi na mkulima wote wameazimwa. Ni kweli, ila jibu hilo halimwambii mtunzaji ampe nani anapogongewa mlango. Kati ya wadai wote, wenye haki ya karibu zaidi ni jamii zilizoutunza mmea kabla haujaitwa nasaba. Wao ndio walioweka.

Wajibu mkuu wa mwenye kushika amana ni kuirudisha inapodaiwa. Mizani ya haki ya mkusanyiko wowote ni kama mama wa Muleba ambaye mnyauko umemmalizia Enshakara zake anaweza kuipata tena. Njia ya kisheria ipo, lakini inapitia mikataba ya uhamishaji, vibali vya afya ya mimea na taasisi za utafiti. Bila kituo cha karibu kama kile cha utafiti wa kilimo cha Maruku, Bukoba, njia hiyo kwake ni sawa na ukuta. Na kinachorudishwa sharti kiwe salama. Migomba yenye asili ya Musa balbisiana hubeba ndani ya vinasaba vyake vipande vya virusi vya michirizi ya migomba, na kukuzwa katika neli kunaweza kuviamsha. Vipimo kabla ya kurudisha vinachelewesha, lakini kumrudishia mtu amana yenye ugonjwa ni kumwongezea msiba.

Upo pia upinzani wenye nguvu dhidi ya kazi yote hii: kwa nini fedha zitumike kwa watu ambao hawajazaliwa wakati waliopo wana njaa? Jambo hili lilipata mtihani wake mkali zaidi Leningrad, katika mzingiro ulioanza Septemba 1941 na kumalizika Januari 1944. Watumishi wa taasisi iliyojengwa na Nikolai Vavilov, ambaye wakati huo alikuwa mfungwa na akafia gerezani mwaka 1943, walilinda tani za mbegu na mkusanyiko wa viazi katikati ya njaa. Kadhaa wao walikufa, akiwemo Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga. Viazi havikuweza kungoja kama mbegu. Ilibidi vipandwe, na vilipandwa karibu na uwanja wa vita. Tendo lao halipaswi kufanywa sheria kwa wengine, maana hakuna dini inayomtaka mtu afe njaa mbele ya chakula kwa ajili ya orodha ya aina za mazao. Uzito wake uko mahali pengine: walikataa kuamini kwamba haki ya kula ya kizazi kimoja inajumuisha haki ya kumaliza.

Mbiti aliandika kwamba wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi kubwa katika fikra za Kiafrika. Wanafalsafa wenzake walimpinga, miongoni mwao Kwame Gyekye wa Ghana, na mwenendo wa wakulima unawaunga mkono wapinzani hao. Mzee wa Pemba anayepanda mkarafuu anapandia wajukuu. Hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad inakwenda mbali zaidi, inamtaka mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama. Fundisho hilo linakitenga kitendo cha kupanda na hesabu ya faida, na linamfaa mtunza neli, kwa sababu hakuna anayejua ni mmea upi utahitajika. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha ukaribu mkubwa kati ya mgomba wa mlali wa Komoro na visiwa vya jirani, pamoja na mchare wa Kilimanjaro na Meru, na mzazi mmojawapo wa ndizi ya Cavendish inayouzwa duniani kote. Wanaopika mtori wa mchare waliutunza undugu huo bila kuambiwa na yeyote.

Wakulima wamekuwa watunzaji hata wa kazi za maabara. Katikati ya miaka ya 1930, katika kituo cha Amani kwenye milima ya Usambara, H. H. Storey na wenzake walianza kuuzalisha muhogo unaostahimili batobato na michirizi kahawia kwa kuuchanganya na ndugu zake wa porini. Mradi ulifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mmoja wa mihogo yake ulibaki mikononi mwa wakulima wa pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso na kusini mwa Tanzania kwa jina la Namikonga, na vipimo vya vinasaba vimethibitisha kwamba ni mmoja. Michirizi kahawia ilipoenea upya miongo kadhaa baadaye, wazalishaji wa mbegu waliurudia muhogo huo kutafuta ustahimilivu. Pingili zilizopandwa na kupandwa tena kwenye mashamba madogo ziliishi muda mrefu kuliko mradi uliozizaa.

Hilo linaleta hukumu ya mwisho katika mlango wa wadia. Mtunzaji anayesafiri huirudisha amana kwa mwenyewe au wakili wake. Wasipopatikana, kwa kadhi. Na asipopatikana kadhi, kwa mtu mwaminifu. Aliyeugua ugonjwa wa kufa huirudisha au huiusia, na akinyamaza mpaka akafa, dhima inamfuata. Taasisi nazo hufa, kwa vita, kwa bajeti au kwa kusahauliwa, na mkusanyiko wa neli hauwezi kuruka misimu miwili bila mhudumu. Leuven imegandisha sehemu kubwa ya migomba yake na kupeleka nakala Montpellier, Ufaransa. Kwa vyumba vya neli vya Afrika Mashariki, usia wa namna hiyo una sehemu mbili: nakala katika maabara ya nchi nyingine, na machipukizi yaliyokwisha kurudishwa vibanjani pamoja na majina yake, kwa watu wanaojua kuyapika.